Kibao cha Msumari wa Tatu

Nyumba yao ilikuwa na watu tisa na kioo kimoja. Kioo chenyewe kilikuwa na ufa uliopita katikati, kwa hiyo kila asubuhi watu wawili walijitazama kwa wakati mmoja, mmoja upande huu wa ufa na mwingine upande ule, huku saba waliobaki wakipanga foleni ukumbini na kupiga soga. Aliyetaka habari za mtaa hakuwa na haja ya kwenda mbali. Nani kahama, nani kagombana na fundi cherehani, nani kaonekana na viatu vipya na kavitoa wapi. Yote yalisikika kwenye foleni ile kabla chai haijachemka.

Aliyezipenda habari hizo kuliko wote alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Nyumbani walimwita Redio, na jina hilo likamfuata hadi shuleni, maana hata huko hakuwa na kitufe cha kuzimia.

Asubuhi hiyo upande mmoja wa ufa alikuwa Redio, akifunga vifungo vya sare. Upande wa pili alikuwa shangazi yake, mdogo wa baba, akisugua kucha kwa mswaki uliochakaa. Shangazi alisugua kucha kila asubuhi na kila jioni, na bado weusi wa grisi haukutoka.

"Leo ndiyo leo," shangazi alisema. "Darasa lenu linakuja kwetu."

"Shangazi," Redio akanong'ona, "leo utakuwa ofisini?"

Shangazi alicheka mpaka povu la sabuni likampanda puani. "Ofisi gani tena? Ofisi yangu ni tumbo la gurudumu! Leo nipo kinu kikubwa. Nalipaka grisi gurudumu lake kabla halijazungushwa mbele yenu saa sita. Nikitoka huko nitakupungia mkono mpaka wenzako wakuonee wivu."

"Usimpungie kwa mkono huo," bibi akadakia kutoka kwenye foleni. "Utaichafua hewa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Redio naye alicheka, lakini kwa meno tu.

Sababu ilikuwa hii. Wiki tatu nyuma, mwalimu wa historia alipotangaza kuwa darasa la sita litatembelea bustani ya vinu vya zamani kando ya mto, kila mtu alianza kujigamba. Kijana mmoja alisema mjomba wake ana kiti cha kuzunguka kazini. Redio hakukubali kupitwa. "Shangazi yangu ndiye mkubwa wa bustani nzima," alisema. "Ana ofisi ya ghorofani, dirisha linatazama mto, na mezani ana simu mbili." Simu moja ingetosha, lakini mdomo ulikuwa umeshaondoka bila breki.

"Tutaona," alijibu msichana mmoja mwenye miwani, ambaye darasa zima lilimwita Ushahidi. Huyu hakuamini jambo mpaka alione, aliguse na ikiwezekana alipime kwa rula.

Sasa siku ya kuona ilikuwa imefika.

Mto ulipita katikati ya jiji, ukapenya chini ya daraja la magari na kuzunguka migongo ya maduka. Hapo kwenye kona yake ndipo vilipojengwa vinu vinne vya mawe, enzi ambazo nafaka zote za jiji zilisagwa kwa nguvu za maji. Baadaye mashine za umeme zilipokuja, vinu vikaachwa, mapaa yakaota majani na popo wakahamia. Miaka ya karibuni jiji liliamua kuvifufua, likapanda nyasi, likaweka mabenchi, na magurudumu ya mbao yakatengenezwa upya. Watu wakaanza kuja kutazama.

Kiongozi wa wageni aliwapokea getini. Alikuwa kijana mrefu mwenye kipaza sauti begani, na alikitumia hata alipoongea na mtu aliye hatua mbili mbele yake.

"Karibuni! Msiguse kitu, msipande kitu, msitupe kitu. Mengine yote ruksa!"

"Yaani kupumua tu," Redio akasema, na wenzake wakacheka. Kwa kitambo kidogo alisahau hofu yake.

Aliwapeleka kwanza juu, mahali maji yalipokingwa. Palikuwa na kibanda kidogo cha mawe, na mbele yake lango la mbao nene lililozuia maji yasiingie kwenye mfereji. Bwana mmoja mnene alisimama pale na reki ndefu, akivua majani yaliyokwama.

"Huyu ndiye mlinda lango wetu," alisema kiongozi.

Wavulana wakachangamka. "Umefungwa magoli mangapi mzee?"

"Mimi langu halina nyavu," alijibu bwana yule bila kuinua kichwa. "Lina maji. Nikizungusha mkono huu wa chuma, lango linapanda, maji yanashuka na mfereji, na gurudumu la kinu kikubwa kule chini linaanza kazi. Leo mtaliona saa sita kamili." Kisha akahamia upande wa pili wa kibanda, ambako majani yalikuwa mengi zaidi, akawapa mgongo.

Watoto wakasogelea maji. Redio alibaki nyuma, karibu na ukuta wa kibanda, na hapo ndipo alipoona asichotaka kukiona. Ukutani palikuwa na misumari minne. Mitatu ilikuwa mitupu. Kwenye msumari wa tatu kulining'inia kibao chekundu, ukubwa wa kiganja, na katikati yake, chini ya plastiki, picha ya shangazi yake akicheka na pengo lake lote. Chini ya picha, kwa herufi kubwa ambazo hata mtu wa ng'ambo angeweza kuzisoma, pameandikwa: MPAKA GRISI.

Akageuka. Ushahidi alikuwa anakuja. Alikuwa anasoma kila kibandiko alichokutana nacho, pua ikigusa ukuta: usiguse, usiegemee, usivute sigara. Alimjua shangazi wa Redio kwa sura. Alikuwa amemwona siku ya wazazi. Hatua sita, na uongo wote wa simu mbili ungebomoka mbele ya darasa zima.

Mkono wa Redio ulikwenda wenyewe. Ukachomoa kibao, ukakizamisha ndani ya mkoba, chini ya mkate na chupa ya maji.

"Hapa kulikuwa na nini?" Ushahidi aliuliza, akiitazama misumari.

"Misumari," alijibu Redio. "Huoni?"

Na msafara ukashuka ngazi za mawe kuelekea vinuni. Redio alihesabu ngazi thelathini na moja, na kila ngazi alijisikia mwepesi zaidi. Alipanga kwamba wakati wa kurudi angekitupa kibao chini ya ukuta, kionekane kimeanguka. Kwani kipande cha ubao kina kazi gani?

Vinu vitatu vya mwanzo walivipita wakipiga makelele. Wakaona magunia ya zamani, mizani ya shaba, na chumba ambacho wasagaji walilala juu ya pumba. Redio alirudiwa na maneno yake. Alimwigiza kiongozi kwa kuongea ndani ya chupa tupu, mpaka mwalimu akamtazama kwa jicho la pembeni.

Kinu kikubwa kilikuwa cha mwisho. Ndani yake palikuwa na ubaridi na harufu ya mbao zilizoloa. Katikati ya sakafu yalilala mawe mawili ya kusagia, moja juu ya jingine, kila moja pana kama meza ya watu wanane. Gogo nene lilitoka kwenye mawe na kupenya ukutani kwenda nje, lilikoshika gurudumu. Dirisha dogo lilitazama juu kwenye lango. Gurudumu lenyewe halikuonekana kutoka ndani; lilikuwa shimoni, nyuma ya ukuta.

"Tuna dakika saba," alisema kiongozi. "Mje nikuonyesheni kitu ambacho mimi nakipenda kuliko mawe haya."

Kwenye ukuta wa ndani kulitundikwa vibao vya mbao, vya kale, vyeusi kwa kushikwashikwa. Kimoja kilichorwa samaki, kimoja nyota, kimoja kiatu.

"Wasagaji wa zamani wengi hawakujua kusoma," alieleza, na kwa mara ya kwanza alikishusha kipaza sauti. "Kila mmoja alikuwa na alama yake. Mtu akitaka kuingia ndani ya gurudumu, kulisafisha au kulipaka grisi, kwanza anapanda juu kwenye lango na kutundika kibao chake. Mtu wa lango akikiona, hata aje mfalme, hafungui. Mwenye kazi akimaliza, anapanda mwenyewe na kukitoa kwa mkono wake mwenyewe. Hatumwi mtoto, hatumwi rafiki. Maana kule shimoni maji yana kelele na mtu haonekani. Kibao ndiyo sauti yake."

"Na kikidondoka?" aliuliza Ushahidi.

"Msumari umepinda juu, hakidondoki. Mpaka mtu akitoe." Akagusa kile cha kiatu. "Huyu mwenzake alimfanyia utani. Alikificha kibao chake, eti akitoka akitafute wacheke. Hawakucheka. Na sisi mpaka leo tunafanya vilevile, tumebadilisha michoro tu, tumeweka picha."

Redio alisikia masikio yake yakivuma. *Ofisi yangu ni tumbo la gurudumu. Leo nipo kinu kikubwa.* Mkoba begani ukawa mzito ghafla, kana kwamba mtu ametia jiwe.

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika tatu.

Na katika kitisho kile chote, bado akili yake ilitafuta mlango wa nyuma. Angeweza kukimbia, akapanda ngazi, akakirudisha msumarini, na mtu asijue.

"Mwalimu," alisema, "naomba kwenda msalani."

"Sasa hivi? Subiri kidogo mwanangu, utakosa gurudumu likianza."

"Nimebanwa mwalimu."

"Dakika mbili tu, jikaze."

Kupitia dirisha aliona mtu wa lango akiweka reki chini. Alimwona akitazama ukuta wa kibanda, pale penye misumari minne mitupu. Alimwona akitikisa kichwa kwa kuridhika, akajifuta mikono kwenye suruali na kuushika ule mkono wa chuma.

"Yupo ndani!" Redio alipiga kelele. "Shangazi yangu yupo ndani ya gurudumu!"

Wenzake wakageuka. Mmoja akacheka, akidhani ni utani wake wa kawaida. "Meneja kaingia kwenye gurudumu?"

"Si meneja! Hajawahi kuwa meneja! Anapaka grisi!" Aliumwaga mkoba sakafuni. Mkate ukabiringika, chupa ikagonga mawe, na kibao chekundu kikatua miguuni pa kiongozi, picha ikitazama juu na pengo lake. "Nilikitoa mimi! Nilikitoa ili msimwone!"

Kiongozi hakuuliza swali. Sura yake ilibadilika, ikawa ya kijivu. Aliruka dirishani, akatoa nusu ya mwili nje na kukiweka kipaza sauti mdomoni. "Lango! Funga! Funga! Mtu ndani!"

Lakini maji yalikuwa yameshaanza kushuka.

Walisikia kwanza mvumo kwenye mfereji, kisha kishindo nyuma ya ukuta. Gogo likalia kama mlango mkubwa wenye kutu. Na mbele ya macho ya watoto arobaini, jiwe la juu, lile pana kama meza ya watu wanane, likasogea. Upana wa kiganja. Kisha kiganja kingine.

Ushahidi alikuwa amefumba macho, yeye ambaye kila kitu alitaka kukiona.

Jiwe likasimama.

Mvumo ukapungua, ukawa matone. Mwalimu alimshika Redio bega.

Ndipo sauti ikapanda kutoka shimoni, kali, iliyolowa, yenye hasira zote za dunia:

"Ni nani huyo mwendawazimu anayecheza na maji?"

Redio alikaa chini sakafuni, akalia kama mtoto wa miaka mitatu.

Shangazi alitokea kwenye mlango wa shimo, ovaroli imemganda mwilini upande mmoja, nywele zikichuruzika. Mkononi alishika kopo lake la grisi. Halikuwa kopo tena. Lilikuwa bapa kama sahani.

"Lilikuwa hapa," alisema, akionyesha mahali karibu na goti lake. Hakuwa anamwambia mtu yeyote. "Niliposikia maji nilivuta mguu. Kopo sikuwahi."

Mtu wa lango alishuka ngazi zote thelathini na moja mbio, mnene vile alivyo, akihema na machozi yakimtoka. "Dada, nilitazama! Naapa nilitazama msumari, haukuwa na kitu! Ningeishije mimi? Hebu niambie, ningeishije?"

Kiongozi akainua kibao. Akamtazama Redio tu, na watu wote wakamtazama.

Angeweza kusema alikiokota. Neno hilo lilikuja kabisa hadi kwenye ulimi, jepesi, tayari. Redio alilimeza.

"Ni mimi shangazi," alisema. "Niliwaambia wenzangu kwamba wewe ni mkubwa wa bustani. Nikaona picha yako imeandikwa mpaka grisi. Niliona... niliona aibu. Nikaificha. Sikujua kazi yake, lakini niliona pameandikwa usiguse, nikagusa."

Maji yalidondoka kutoka kwenye kiwiko cha shangazi, tone kwa tone, juu ya mawe. Mtu angetegemea kofi, au kumbatio. Halikuwa hili wala lile.

"Uliona aibu," alisema shangazi polepole. "Haya." Akakaa kwenye ukingo wa jiwe. "Nipeni maji ya kunywa. Haya ya mto nimeshiba."

Hakuna aliyecheka, ila mtu wa lango alitoa mlio fulani, nusu kicheko nusu kilio. Ushahidi ndiye aliyeokota chupa ya Redio sakafuni, akaifungua na kumpa shangazi kwa mikono miwili.

Msimamizi wa bustani, mwanamke mwembamba ambaye kweli alikuwa na ofisi ya ghorofani na simu moja tu, alifika akikimbia. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Aliagiza kwamba kuanzia siku hiyo vibao viwekwe kwenye sanduku lenye kufuli, kila mwenye kazi na ufunguo wake, na tena mtu wa lango ashuke mwenyewe kutazama shimo kabla ya kuzungusha chuma. "Na hilo lilikuwa kosa letu," alisema. "Kitu cha kulinda roho ya mtu hakiachwi mahali ambapo kila mkono unafika." Kisha akamgeukia mwalimu kuhusu barua kwa wazazi, na Redio alijua barua hiyo ameistahili.

Ilipokaribia saa saba, shangazi alipokwisha kumalizia kupaka grisi, mtu wa lango akimlinda, alimwambia Redio, "Chukua hicho kibao. Twende."

Walipanda ngazi wawili, darasa likiwafuata kwa mbali. Kwenye kibanda, shangazi alimwamuru akitundike. Redio alikitundika kwenye msumari wa tatu. Walisimama wakakitazama. Kisha shangazi, kwa mkono wake mwenyewe wenye kucha nyeusi, akakitoa. Mtu wa lango alishuka hadi shimoni, akachungulia, akapanda tena akihema. Ndipo alipouliza: "Nifungue?"

"Fungua," alisema shangazi.

Maji yakashuka. Gurudumu likageuka, safari hii taratibu na bila kelele, kwa sababu lilikuwa limepakwa grisi vizuri. Kutoka juu, watoto walitazama ukingo wake ukipanda na kushuka mdomoni mwa shimo, bila kupiga makofi. Hakuna aliyewakataza, hawakuweza tu.

"Kumbe ndiyo maana halilii," Ushahidi alisema kwa sauti ndogo. "Ni kwa sababu yako shangazi."

"Kwa sababu yangu na kopo langu, Mungu alilaze pema," alijibu shangazi, na sasa ndipo wachache walipothubutu kucheka.

Jioni nyumba ilijaa kama kawaida, na zaidi, maana majirani wawili walikuwa wameshasikia nusu ya habari na walikuja kuitafuta nusu ya pili. Bibi alipiga mkeka kwa kiganja. "Redio, hebu tupe. Kumetokea nini huko vinuni?"

Redio alimtazama shangazi. Shangazi alikuwa anasugua kucha, hakuinua uso. Basi Redio akasimulia. Alianza na zile simu mbili. Hakuongeza kitu, hakupunguza kitu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemkatiza. Baba yake aliinamisha kichwa. Mama alishika mdomo kwa mikono yote miwili. Kopo bapa lilipita mkono hadi mkono, na kila aliyelishika alilirudisha haraka, kama linachoma.

Alipomaliza, shangazi aliweka mswaki chini.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini sikiliza, nanyi watoto wengine sikilizeni. Siku ile darasani, uongo wako ulikuwa maneno matupu. Haukumdhuru mtu. Ila uongo ukishauzaa, una njaa, na kila siku unataka kulishwa. Leo asubuhi uliulisha kibao. Zilibaki dakika mbili uulishe mimi." Akalitazama lile kopo bapa. "Ulipomwaga ule mkoba mbele ya wenzako, uliniokoa. Hilo nalo nitalisema kila mahali. Lakini afadhali ungelisema wiki tatu nyuma, wakati ukweli ulikuwa mdogo wa kusema kwa sentensi moja: shangazi yangu anapaka grisi."

"Shangazi yangu anapaka grisi," Redio akasema.

"Na anaipaka vizuri," bibi akaongeza, akilitua lile kopo kwenye kizingiti cha dirisha, chini ya kioo chenye ufa, mahali ambapo kila asubuhi watu tisa wangeliona.